TV ya kilo 26 kwenye ukuta wa jipsamu: usiongeze fisha, fungua ukuta

Swali: Fundi, habari za kazi? Tumehamia fleti ya kupanga hapa Dar es Salaam. Ukuta kati ya sebule na chumba cha watoto ni wa jipsamu, na ndio pekee unaotazamana na makochi. Tuna TV mpya ya inchi 65, na kwenye karatasi yake imeandikwa kilo 26 bila miguu. Kijana aliyekuja kufunga king'amuzi aligonga ukuta akasema ndani kuna vyuma, kwa hiyo hakuna tatizo: atapiga fisha nane na TV itashika "hata wewe mama ukining'inia". Mume wangu akamzuia. Braketi tuliyonunua ni ile ya mkono, inavutika na kugeuka, maana tunataka kuangalia na tukiwa mezani. Nina mtoto wa miaka mitatu. Tufunge au tuache? Na kama ni fisha, zinatosha ngapi?

Jibu: Salama, dada. Mumeo alifanya vizuri kumzuia, mwambie nimesema. Lakini TV yako itakaa kwenye ukuta huohuo, usiwe na wasiwasi. Haitakaa kwa fisha, na haitakaa kwa braketi hiyo.

Nianze na fisha, maana ndiyo inayowaponza wengi. Fisha ya plastiki kazi yake ni kwenye zege na tofali. Unatoboa, unaichomeka, skrubu ikiingia inaitanua, nayo inabana kuta za tundu. Nguvu yake yote inatokana na ugumu wa kile inachokibana. Sasa bodi ya jipsamu ya ukutani ina unene wa milimita 12 au 12.5, na ndani yake ni unga ulioganda tu, umeshikiliwa na karatasi mbili, moja mbele na moja nyuma. Fisha ikitanuka humo inausaga ule unga. Siku ya kwanza utaona imeshika, na kijana atakuonyesha kwa kuivuta. Mzigo unaokaa pale usiku na mchana ndio unaoimaliza, kidogo kidogo, mpaka siku mlango wa chumbani ubamizwe na upepo. Kwa hiyo swali la fisha ngapi halina jibu. Ukipiga nane una matundu nane yenye unga, ukipiga ishirini na nne umejichorea mstari wa kukatia bodi.

"Ndani kuna vyuma" ni kweli, ila chuma chenyewe ni bati lililokunjwa. Nguzo hizo zina umbo la herufi C: mgongo upande mmoja, mbavu mbili zinazoshika bodi mbele na nyuma, na upande wa pili uko wazi. Kwa kuta za kugawa vyumba kama wako, bati lake kwa kawaida lina unene wa nusu milimita au zaidi kidogo. Toa kadi ya benki kwenye pochi yako uishike: ile ina milimita 0.76. Nguzo inayotarajiwa kubeba TV yako inaweza kuwa nyembamba kuliko hiyo kadi. Skrubu ya mbao ya kawaida ina nafasi ya milimita 2 hivi kati ya jino na jino, kwa hiyo ikipita kwenye bati la nusu milimita inashikwa na jino moja tu, tena si jino zima. Ukiikaza kwa drili ukapitiliza kidogo tu, utasikia sauti inabadilika, skrubu inazunguka bila kukaza. Hapo tundu limeshaharibika, na fundi asiye mwaminifu anakwenda kwenye skrubu inayofuata bila kukwambia.

Nguzo hizi hazikuwekwa zibebe mzigo unaoning'inia. Zimewekwa zisimamishe bodi. Zinaweza kubeba TV, lakini mpaka mzigo ugawanywe kwenye nguzo kadhaa na kwenye skrubu nyingi, usiegemee sehemu nne tu.

Sasa braketi, ambayo kwangu ni hatari kuliko fisha. TV ukutani haivuti chini peke yake. Inavuta pia kuja mbele: boliti za juu zinang'olewa na ukingo wa chini wa braketi unasukuma bodi kuingia ndani. Nguvu hiyo ya kung'oa unaipata kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua uzito wa TV, zidisha kwa umbali wake kutoka ukutani, gawanya kwa urefu wa bamba la braketi kutoka juu hadi chini. Tuseme bamba lina sentimita 25. Kwa braketi isiyo na mkono, inayolaza TV karibu na ukuta, uzito unakaa kama sentimita 6 kutoka ukutani: 26 mara 6, gawanya kwa 25, unapata kilo 6 na ushee. Boliti za juu zinavutwa kwa kilo 6. Sasa uvute mkono wa braketi yako mpaka sentimita 50 ili muone mkiwa mezani: 26 mara 50, gawanya kwa 25, ni kilo 52. TV ni ileile, ukuta ni uleule. Na bado sijahesabu uzito wa mkono wenyewe. Mwanao akiwa na kilo 14 hivi, akaidandia ikiwa imevutwa, ongeza kilo 28 nyingine. Umefika 80.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Nguzo ya umbo la C ni dhaifu sana ikisokotwa, kwa sababu upande mmoja uko wazi. Kila ukigeuza TV kushoto na kulia unaisokota. Bodi zikiwa zimefungwa pande zote mbili zinaisaidia, lakini kila mgeuko unatikisa skrubu ndani ya yale matundu ya nusu milimita, na matundu yanapanuka. Wapo mafundi wanaofunga braketi za mkono kwenye kuta za aina hii na hawajapata kesi. Mimi sifungi, hata kwa ukuta ulioimarishwa, isipokuwa mwenye nyumba ajenge nguzo za mbao au za bati nene kuanzia sakafuni hadi juu. Braketi ya mkono ni ya ukuta wa tofali. Irudishe dukani mbadilishiwe na ya kulala, au ile inayoinama kidogo juu chini. Kabla ya kwenda, pima matundu manne nyuma ya TV, upana na urefu kwa milimita, uende na namba. Na mezani mtaisikia taarifa ya habari, si lazima muione.

Tuje kwenye ufungaji. Ushauri utakaoukuta mwingi, hasa wa kutoka Marekani na Ulaya, utakwambia utafute nguzo na utumie boliti maalumu bila kuharibu ukuta. Kule fundi wa kuziba bodi na kupaka rangi ana gharama kubwa, ndiyo maana watu wanaogopa kukata. Hapa Dar mafundi wa jipsamu wako kila mtaa na bodi inapatikana. Halafu tazama vipimo: TV ya inchi 65 ina upana wa sentimita 145 hivi na urefu wa zaidi ya 80. Chochote utakachokikata nyuma yake, kikiwa kidogo kuliko hapo, hakuna atakayekiona. Kwa hiyo ukate. Toa kipande cha jipsamu, weka plaiwudi mahali pake, funga braketi kwenye plaiwudi. Ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua.

Lakini kwanza ujue nguzo ziko wapi, na hii unaweza kuifanya mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Tafuta sumaku yenye nguvu. Ile ya ndani ya spika mbovu inafaa sana. Ifunge kwenye kitambaa laini isichubue rangi, uipitishe ukutani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Haitasikia bati vizuri, ila itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizoshika bodi, ambazo zimezibwa na kupakwa rangi. Ikinasa, weka alama ya penseli, ushuke nayo chini: skrubu zikija moja juu ya nyingine kwa mstari wa wima, hapo pana nguzo. Endelea. Kwa kuwa bodi ina upana wa sentimita 120, nguzo huwa kila baada ya sentimita 60 au 40, na ukishapata mbili unaweza kuzitabiri zinazofuata kwa futi. Usiku, ukizima taa na kuegesha tochi ya simu ubavuni mwa ukuta, mara nyingi utaona hata mistari ya skrubu yenyewe.

Ukipata nguzo kila sentimita 60, jua kwamba kila nguzo ya pili ni mahali bodi mbili zinapokutana. Hapo skrubu ziko mistari miwili iliyokaribiana. Nguzo ya maungio si mahali pa kutoboa tundu kubwa, maana kingo za bodi zote mbili zimeshika kwenye ubavu uleule mwembamba. Na ndiyo sababu nyingine kwa nini braketi nyingi hazifai kufungwa moja kwa moja: bamba lenye upana wa sentimita 45 haliwezi kufika nguzo mbili zilizo mbali kwa 60. Kijana wa king'amuzi angeshika nguzo moja, halafu fisha zinazobaki zote zingekuwa kwenye bodi tupu.

Ukishachora nguzo, tafuta umeme. Angalia soketi na swichi zote za ukuta huo, pande zote mbili, pamoja na chumbani kwa watoto. Nyaya mara nyingi zinashuka wima kutoka juu ya dari hadi kwenye soketi, ndani ya paipu za plastiki, na plastiki haizuii biti wala kisu. Zingine zinapita kwa ulalo kwenye matundu ya nguzo. Kama kuna kiyoyozi ukutani, ulizia mabomba yake yameshukia wapi. Siku ya kukata, meni swichi izimwe, fundi ahakikishe kwa testa, na drili itumie waya wa kuvuta kutoka kwa jirani au iwe ya betri. Sisemi hivi kwa kukutisha. Waya uliochubuka ukigusa nguzo moja ya bati, chuma chote kilichoungana nayo chini na juu kinaweza kuwa na umeme, na skrubu za bodi ya upande wa watoto zimeingia kwenye chuma hichohicho.

Kukata kwenyewe. Tuseme nguzo zako ziko kila sentimita 60. Chukua tatu zinazofuatana, zile ambazo TV itakuwa mbele yake. Eneo la kutoa lina upana wa sentimita 120, kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi katikati ya nguzo ya tatu, na urefu wa 60. Kwa TV kubwa na makochi ya kawaida, kitovu cha kioo kikikaa mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni macho yanatulia. Watu wengi wanaipandisha juu mno wanaumia shingo. Kwa hiyo kata kutoka sentimita 75 hadi 135. Kabla hajakata, fundi aongeze skrubu za jipsamu pembeni mwa mstari, kwenye ile nusu ya ubavu wa nguzo itakayobaki na bodi, ili kingo zisilegee. Akate kwa kisu na msumeno mdogo wa mkono. Akija na grenda mkatalie: inakata bodi, inakata nguzo, inakata waya, na unga wake utaukuta mpaka kwenye sufuria. Funika makochi, kila aliye humo avae barakoa.

Bodi ikitoka, angalia ndani kabla ya kitu kingine chochote. Hii ni faida ambayo hakuna sumaku itakayokupa. Nguzo zinatakiwa ziwe na mgongo wa sentimita 5, 7 au zaidi, ziwe nzima kuanzia chini hadi juu. Nimeshafungua kuta nikakuta mafundi wametumia vyuma vyembamba vya dari badala ya nguzo, au nguzo mbili fupi zimeungwa katikati kwa skrubu mbili. Ukikuta hivyo, simama. Ukuta huo haubebi TV mpaka uwekewe nguzo za mbao kutoka sakafuni hadi juu ndani ya uwazi huo, na hapo ni kazi kubwa zaidi ambayo mwenye nyumba lazima ahusike. Kama bodi kwa nyuma ina madoa ya maji, kwa mfano kuna bafu karibu, hilo nalo lishughulikiwe kwanza. Jipsamu ikilowa inapoteza nguvu.

Nguzo zikiwa nzuri, andaa paneli sakafuni. Unahitaji plaiwudi ya milimita 12, ukubwa uleule wa sentimita 120 kwa 60, ambayo italingana na unene wa bodi uliyoitoa. Nyuma yake gundisha vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, kila kimoja upana wa sentimita 52 hivi ili kiingie kati ya nguzo na nguzo bila kugusa mbavu, kwa gundi ya mbao na skrubu fupi. Usikubali MDF, yaani bodi ya unga wa mbao, wala zile mbao za maganda yaliyoshindiliwa; hewa yetu ya pwani inazivimbisha, na skrubu zinalegea. Waulize maseremala wa jirani, mara nyingi wana vipande vilivyobaki, huna haja ya kununua karatasi nzima mbili.

Sasa sehemu ninayoipenda. Weka bamba la braketi juu ya paneli ikiwa bado sakafuni, lipime liwe sawa kwa pima maji, chora matundu yake. Chagua matundu yanayoangukia kwenye vile vipande vinene, si kwenye mstari wa nguzo ya katikati. Toboa, kisha pitisha boliti za milimita 8, urefu wa milimita 50, kutokea nyuma kuja mbele, na kila moja iwe na washa pana nyuma. Kaza mbele kwa nati ya muda mpaka kichwa na washa vibonyee kidogo kwenye mbao, tia gundi kali visizunguke, subiri ikauke, halafu toa nati. Nyuzi za boliti zinabaki zimetokeza kwa mbele karibu sentimita 2. Braketi itavikwa hapo na kukazwa kwa washa na nati. Kung'oa boliti hizo itabidi uvute washa ipite kwenye milimita 30 za mbao. Na kwa kuwa umefunga kwenye mbao, TV inakaa katikati ya makochi yako, si katikati ya nguzo za watu.

Paneli iingizwe kwenye uwazi, ikae sawa na uso wa ukuta, ifungwe kwenye nguzo zote tatu kwa skrubu zenye ncha ya kujitobolea bati, kila sentimita 13 hadi 15, yaani tano kwa kila nguzo. Kasi ya drili iwe ndogo na mkono uache mara tu kichwa kinapokaa. Ikizunguka bure, itolewe, ipigwe nyingine sentimita 3 kutoka hapo. TV, braketi na paneli yenyewe vinaweza kufika kilo 44 kwa jumla. Ukigawa kwa skrubu 15, kila moja inabeba kilo 3. Na ile nguvu ya kung'oa sasa inagawanyika kwenye paneli ya sentimita 60 na nguzo tatu, badala ya bamba la 25 na tundu mbili za juu. Ziba kingo kwa tepu ya nyavu na unga wa jipsamu, paka rangi. Haina haja ya kuwa safi kama ukuta mwingine, itafunikwa.

Kabla TV haijapanda, pima kwa maji. Chukua ndoo mbili za lita 20, zijaze, uzifunge kwa kamba imara kwenye braketi, moja kila upande, zining'inie bila kugusa sakafu. Hizo ni kilo 40, zaidi ya mara moja na nusu ya TV yako. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza kati ya ukingo wa juu wa braketi na ukuta. Kikiwa hakipiti, ziache ndoo mpaka asubuhi, mlango umefungwa mtoto asiingie. Asubuhi jaribu tena na karatasi ileile. Ikipita, kitu kimesogea, na usipandishe TV mpaka kijulikane ni nini. Huyo kijana angejining'iniza sekunde tano akakwambia umeona. Sekunde tano hazipimi kitu.

TV ipandishwe na watu wawili. Skrubu za kushika vyuma nyuma ya TV huwa za milimita 6 au 8, na urefu wake uwe ule unaotakiwa na kitabu cha TV. Ndefu mno inaweza kugusa sakiti ndani, na hiyo si kesi ya ukuta tena.

Waya wa umeme wa TV usiupitishe ndani ya ukuta kama ulivyo. Matundu ya nguzo yana kingo kali, na ule waya haukutengenezwa kukaa humo. Wakati ukuta uko wazi, mwite fundi umeme aweke soketi nyuma ya TV, waya wake upite kwenye paipu. Waya wa king'amuzi nao uwe na paipu yake. Kama bajeti imeisha, tumia kifuniko cha plastiki cha juu ya ukuta ukipake rangi ileile.

Kuhusu mwenye nyumba: mwandikie kabla, kwa ujumbe unaobaki, mweleze unakata wapi, vipimo gani, na kwamba ukihama paneli itabaki au utarudisha bodi, achague. Wengi wanakubali wakijua wanapata ukuta unaobeba TV ya mpangaji anayefuata. Akikataa kabisa kukatwa, kuna njia mbili zinazobaki. Ya kwanza ni plaiwudi ya milimita 18 juu ya ukuta, bila kukata, ifungwe kwenye nguzo tatu au nne kwa skrubu za bati ndefu za kupita kwenye plaiwudi na jipsamu. Itaongeza unene nyuma ya TV, lakini mzigo unagawanyika vilevile, na ukihama unaziba matundu madogo tu. Hii ndiyo ningechagua.

Ya pili ni boliti zenye kijiti cha chuma kinachoingia kikiwa kimelala na kusimama upande wa ndani, zile zinazokuja na mikanda miwili ya plastiki. Zipo kwenye maduka makubwa ya vifaa, uliza na Kariakoo. Kwa boliti ya milimita 6 tundu linakuwa milimita 13, na lazima lipite katikati kabisa ya ubavu wa nguzo, ili kijiti kikae nyuma ya bati na si nyuma ya jipsamu tu. Drili isiwe kwenye hali ya kugonga. Anza na biti ya chuma ya milimita 3, fuata ya 6, kisha ya 13, ukiongeza tone la mafuta. Unga ukitoka mweupe uko kwenye bodi, ukianza kuona vichembe vinavyong'aa umefika kwenye bati. Usichukue zile za mabawa ya springi, tundu lake ni kubwa zaidi na linakula karibu nusu ya ubavu. Njia hii ni ya nguzo zilizo kila sentimita 40, ambapo unaweza kupata mbili zinazofuatana zisizo za maungio; zikiwa kila 60, moja kati ya mbili itakuwa ya maungio, na hapo usipige. Kwa kilo 26 na braketi ya kulala inawezekana. Kwa TV ya inchi 75, ambayo inaweza kuzidi kilo 30, nisingeifanya.

Na kama haya yote ni mengi kwa sasa, TV iwekwe kwenye kabati pana, lisilo refu, miguu ya TV ikiwa imekaa yote juu ya kabati, na mikanda miwili itoke kwenye matundu ya nyuma ya TV ifungwe kwenye kabati lenyewe, kabati nalo lifungwe kwenye nguzo. Mtoto wa miaka mitatu anavuta kila kitu, na TV iliyosimama bila kufungwa nayo si salama. Au mgeuze makochi yaelekee ukuta wa tofali, hiyo ni bure, na hapo hata braketi yako ya mkono haina haja ya kurudi dukani.